Bima ya Afya na Bima ya Safari kwa Mwenye Pasipoti ya Uingereza Anayeishi Ulaya

Raia wa Uingereza anapojiandaa kuhamia Hispania, Ufaransa au Ureno hupanga mambo mengi kwa makini, kuanzia nyumba na akaunti ya benki hadi leseni ya udereva, lakini kuhusu matibabu wengi hubaki na dhana kwamba Huduma ya Afya ya Taifa ya Uingereza, yaani NHS, itaendelea kuwahudumia popote walipo kwa kuwa walikatwa michango kwenye mshahara kwa miaka mingi. Haki ya kutibiwa bure na NHS haitokani na pasipoti wala na michango hiyo. Inatokana na mtu kuishi Uingereza kihalali, akiwa ametulia huko. Anapohama moja kwa moja haki hiyo hukoma, hata kama nyumba yake ya Leicester bado ipo na barua zinaendelea kufika. Katika England, kinachobaki wazi kwa kila mtu ni kumwona daktari wa familia na kuhudumiwa kwenye kitengo cha dharura. Akishalazwa, hospitali ina wajibu wa kuuliza anaishi wapi, na mgeni asiyestahili anaweza kutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida ya NHS.

Mwongozo huu unawahusu wasomaji wa Kiswahili wenye pasipoti ya Uingereza, wawe wazaliwa wa Mombasa, Tanga au Unguja waliofanya kazi Uingereza nusu ya maisha yao, au watoto wao wanaowapangia wazee mambo haya. Utaratibu ni uleule kwa wote, nao unaanza na swali ambalo mawakala wa bima hawaulizi mara nyingi: ni nchi gani inayowajibika kugharamia matibabu yako? Ukilijibu sawasawa, utajua fomu ya kuomba, kadi ya kubeba na bima ya kununua. Ukilikosea, unaweza kulipia bima tatu, na siku ya haja zote tatu zikakukana.

Nchi inayowajibika

Kwa kanuni zinazounganisha hifadhi ya jamii ya Uingereza na ile ya nchi za Umoja wa Ulaya, mtu huwa chini ya nchi moja tu kwa wakati mmoja. Anayefanya kazi huko aliko, awe ameajiriwa au amejiajiri, huchangia huko na kutibiwa kwa haki ya huko, na Uingereza haihusiki tena na bili zake. Asiyefanya kazi, na ambaye pensheni yake ni ya serikali ya Uingereza pekee, hugharamiwa na Uingereza hata akiishi Alicante, Hispania, kwa kutumia fomu inayoitwa S1. Anayepokea pensheni ya Uingereza pamoja na pensheni ya nchi anayoishi, hata kama hiyo ya pili ni ndogo, huwa chini ya nchi anayoishi. Jambo hili huwashangaza watu waliofanya kazi Ufaransa miaka michache ujanani, wakaisahau, kisha wakarudi huko wakiwa wazee. Aliyetumwa na mwajiri wake wa Uingereza kwa muda usiozidi miezi 24 huendelea kuchangia Uingereza na kubaki chini yake. Asiye katika kundi lolote kati ya haya, kwa mfano aliyestaafu mapema na anaishi kwa akiba, hana nchi inayomlipia kwa kanuni hizo, na ni yeye anayehitaji kupanga kwa makini kuliko wote.

Zingatia kwamba uraia haukutajwa popote katika aya iliyotangulia. Mtanzania au Mkenya aliyefanya kazi Uingereza na kupata pensheni ya serikali, akihamia kihalali katika nchi ya Umoja wa Ulaya, anaweza kuwa na S1 sawa na Mwingereza wa kuzaliwa. Chini ya pensheni mpya ya serikali iliyoanza tarehe 6 Aprili 2016, kwa kawaida mtu anahitaji angalau miaka 10 ya michango ili apate chochote, na miaka 35 ili apate pensheni kamili. Lakini kwa ajili ya S1, ukubwa wa pensheni si hoja. Anayepokea kidogo analindwa sawa na anayepokea chote.

Tarehe ya kuhama nayo ina uzito wake. Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na kipindi cha mpito kikaisha tarehe 31 Desemba 2020. Waliokuwa tayari wanaishi kihalali katika nchi ya Umoja huo kabla ya kipindi hicho kwisha wanalindwa na Mkataba wa Kujitoa. Waliohamia baadaye wanategemea makubaliano ya biashara na ushirikiano yaliyofuata, ambayo yalibakiza S1 na matibabu ya lazima kwa wasafiri lakini hayakurudisha haki ya kuhamia bila viza. Ikiwa wewe ni wa kundi la kwanza, kadi yako ya ukaazi inaonyesha hivyo: ile ya Hispania, iitwayo TIE, imeandikwa maneno Artículo 50 TUE. Tunza kadi hiyo na uihuishe kwa wakati, kwa maana ndiyo ushahidi wako kila unapoulizwa ulihamia lini. Mwenye S1 wa kundi hilo anapokwenda Uingereza kutembea hutibiwa na NHS bila kutozwa; aliyehamia baada ya hapo aithibitishe haki yake kabla ya kupanga upasuaji Birmingham akidhani bado yuko nyumbani.

Fomu ya S1 na jinsi ya kuitumia

S1 hutolewa na NHSBSA, taasisi inayoshughulikia malipo na huduma za NHS, kupitia kitengo chake cha matibabu ya ng'ambo. Si kadi, wala haikupi fedha mkononi. Ni cheti kinachoiambia nchi unayoishi: mtibuni mtu huyu kama mnavyowatibu watu wenu, na gharama tutalipa sisi. Huombwa mara tu unapoanza kupokea pensheni ya serikali na ukiwa na anwani katika nchi unayoishi. Umri wa pensheni hiyo ulikuwa miaka 66 na unapandishwa hatua kwa hatua kufikia 67 kati ya mwaka 2026 na 2028, kwa hiyo aliyezaliwa katika miaka inayoguswa na mabadiliko haya ahesabu kwa tarehe yake halisi, asikisie. Mke, mume au watoto wanaomtegemea mwenye pensheni wanaweza kuingizwa kama wategemezi, lakini nani anahesabiwa kuwa mtegemezi huamuliwa kwa sheria ya nchi mnayoishi.

Kupokea S1 kwa posta bado hakujakupa haki yoyote. Ni lazima uiandikishe, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Hispania, hatua ya kwanza ni kujiandikisha kwenye daftari la wakazi la manispaa, linaloitwa padrón, na kuchukua cheti chake. Kisha huombwa miadi katika ofisi ya INSS, ambayo ni taasisi ya hifadhi ya jamii, na siku hiyo unakwenda na S1, pasipoti, kadi ya ukaazi na cheti cha padrón, kila kimoja na nakala yake, kwa kuwa karani akikosa nakala anaweza kukurudisha nyumbani na miadi inayofuata ikawa wiki kadhaa mbele. INSS wakiridhika watakupa hati inayothibitisha kwamba una haki ya matibabu. Hati hiyo ndiyo unayoipeleka kwenye kituo cha afya cha mtaa wako, unapangiwa daktari, na kadi ya matibabu ya jimbo inatengenezwa. Kadi hizo hutolewa na majimbo, kwa hiyo aliyehama kutoka Andalucía kwenda Valencia hana budi kuandikishwa upya kituoni. Ukiwa na kadi, kumwona daktari na kulazwa hospitali ya umma hakulipiwi. Dawa za dukani mstaafu wa kawaida huchangia asilimia 10 ya bei, kwa kikomo cha kila mwezi kinachotegemea kipato. Angalia risiti ya kwanza ya dawa: ukiona umekatwa asilimia 40 au zaidi, mfumo umekusajili kama mfanyakazi, na kituo cha afya ndicho mahali pa kuanza kuomba masahihisho.

Ufaransa mambo yana sura nyingine, na mwenye kuzoea NHS atahitaji kubadili fikra. S1 hupelekwa CPAM, yaani ofisi ya bima ya afya ya wilaya, ambayo hukupa namba ya hifadhi ya jamii na baadaye kadi ya kijani iitwayo carte Vitale. Lakini kadi hiyo hairejeshi gharama zote. Tangu Desemba 2024 kumwona daktari wa kawaida aliye ndani ya mfumo ni yuro 30. Serikali hurudisha asilimia 70, ambazo ni yuro 21, kisha hukata yuro 2 za mchango wa lazima wa mgonjwa, kwa hiyo kinachoingia kwenye akaunti yako ni yuro 19. Yuro 11 zilizobaki ni zako, na bima ya nyongeza iitwayo mutuelle hulipa 9 kati ya hizo, kwa kuwa zile 2 haziruhusiwi kufidiwa katika mikataba ya kawaida. Hesabu hii ni ya aliyeandikisha daktari wake mkuu. Asiyemwandikisha hurudishiwa asilimia 30 tu. Kwa mafua si kitu. Kwa kulazwa wiki mbili, tofauti kati ya mwenye mutuelle na asiye nayo huonekana, ingawa mwenye maradhi ya muda mrefu yaliyo kwenye orodha rasmi, kama vile saratani au kisukari, hulipiwa asilimia 100 ya bei rasmi kwa matibabu ya maradhi hayo.

Mambo yakibadilika, toa taarifa. Ukianza kazi, ukianza kupokea pensheni ya nchi nyingine, ukihamia nchi ya tatu, au mwenye pensheni akifariki na kumwacha mjane aliyekuwa mtegemezi, NHSBSA wanapaswa kujua, kwa sababu S1 ya zamani inayoendelea kutumika kimakosa huishia kwenye bili. Kwa mjane jambo hili ni nyeti zaidi: haki yake ilisimama juu ya haki ya mumewe, na ni vyema watoto waulize mapema iwapo anaweza kupata S1 kwa pensheni yake mwenyewe.

Aliyestaafu kabla ya umri wa pensheni

Mwenye miaka 58, aliyeuza nyumba London na kununua nyingine karibu na Málaga, hana S1 na hataipata kwa miaka minane au tisa. Zamani palikuwa na S1 ya muda kwa waliostaafu mapema, lakini iliondolewa mwaka 2014. Mtu huyu atatakiwa kuonyesha bima binafsi tangu kwenye ombi la viza. Hispania, kwa viza ya wasiofanya kazi, hutaka bima kutoka kampuni iliyoidhinishwa kufanya kazi Hispania, yenye huduma inayolingana na ile ya umma na isiyomtoza mgonjwa chochote kila anapomwona daktari. Bima ya safari hukataliwa, hata iwe na kiwango kikubwa namna gani cha fidia, na ombi hurudishwa.

Akiisha kukaa Hispania kihalali mwaka mmoja, akiwa ameandikishwa kwenye padrón, anaweza kuomba mpango uitwao convenio especial, ambao humfungulia mlango wa hospitali za umma kwa ada ya yuro 60 kwa mwezi kama yuko chini ya miaka 65, na yuro 157 kuanzia umri huo. Mpango huu hauulizi maradhi uliyonayo, na kwa sababu hiyo peke yake unawafaa sana watu waliokataliwa na kampuni za bima. Kasoro yake ni kwamba haupunguzi bei ya dawa za dukani. Mwenye kisukari na presha aweke gharama hiyo kwenye hesabu kabla ya kuvunja mkataba wa bima binafsi.

Ufaransa huruhusu mtu kuomba kuingizwa kwenye mfumo wa umma baada ya kuishi huko kwa utulivu miezi mitatu, kwa mpango uitwao PUMA ulioanza mwaka 2016. Italia inaruhusu kujiandikisha kwa hiari, lakini tangu mwaka 2024 ada ya chini kwa wengi ni yuro 2,000 kwa mwaka. Uholanzi, anayehamia hupewa miezi minne kununua bima ya msingi, ambayo ni ya lazima, na mtu mzima hujilipia yuro 385 za kwanza za gharama kwa mwaka. Ujerumani inahitaji tahadhari ya pekee: mtu aliyefikisha miaka 55 akiwa kwenye bima binafsi huona mlango wa kurudi kwenye bima ya umma umefungwa karibu kabisa, na ada za bima binafsi hazipungui kwa umri. Ireland ni kisa cha peke yake, kwa kuwa makubaliano ya zamani ya eneo la pamoja la usafiri humwezesha raia wa Uingereza kuishi huko bila viza na kutumia huduma za afya za umma akishakuwa mkazi.

Unaponunua bima binafsi, soma kwanza kurasa zinazozungumzia vipindi vya kusubiri na maradhi yaliyokuwepo kabla ya mkataba, kisha ndipo usome orodha ya hospitali nzuri. Uliza kwa maandishi iwapo kampuni inaweza kukuacha ukizeeka au ukiugua sana. Mikataba ya Hispania hujihuisha yenyewe kila mwaka, na mteja anayetaka kutoka anatakiwa kutoa taarifa ya maandishi angalau mwezi mmoja kabla, simu haitoshi.

Kadi ya kusafiria ndani ya Ulaya

Baada ya kupata matibabu unakoishi, swali linalofuata ni la safari. Uingereza hutoa bure kadi iitwayo GHIC, iliyochukua nafasi ya EHIC, kadi ya zamani ya bima ya afya ya Ulaya, na inayodumu hadi miaka mitano. Kadi hiyo humpa mwenye haki matibabu ya lazima katika hospitali za umma anapotembelea nchi za Umoja wa Ulaya, kwa masharti ya wenyeji. Penye kuchangia, na yeye huchangia. Tovuti yoyote inayokutoza pesa kuiomba si ya NHS.

Kosa linalorudiwa sana ni kuitumia GHIC mahali unapoishi. Haikukusudiwa hivyo. Anayeishi Murcia mwaka mzima na kuwaonyesha wahudumu wa kituo cha afya kadi ya mgeni anaweza kukubaliwa mara moja au mbili, kisha akaulizwa cheti cha padrón na kubainika kwamba ni mkazi asiyejiandikisha. Kadi sahihi hutolewa na nchi inayowajibika nawe. Mwenye S1 huiomba Uingereza, iwe EHIC mpya kwa anayelindwa na Mkataba wa Kujitoa au GHIC kwa aliyehamia baadaye, na huitumia anapotoka kwenda nchi ya tatu. Anayefanya kazi Hispania huiomba INSS, na hapo ndipo hutokea Mwingereza wa kuzaliwa Leeds, aliyekwenda kumwona mama yake, akatoa kadi ya Kihispania kwenye hospitali ya Leeds. Inachekesha, lakini ndivyo inavyotakiwa, na ndiyo itakayomwokoa na bili.

Ukiipoteza kadi ukiwa safarini, taasisi iliyoitoa inaweza kukutumia cheti cha muda kwa barua pepe, nacho hukubalika sawa na kadi. Kumbuka pia mipaka yake. Haigharamii kliniki binafsi, na hoteli nyingi za kitalii ukiomba daktari hukuitia wa binafsi, kwa hiyo sema waziwazi kwamba unataka hospitali ya umma. Haigharamii uokoaji wa milimani kwa anayeteleza kwenye theluji, haikurudishi nyumbani ukiwa mgonjwa wa machela, na haisafirishi maiti. Hayo ndiyo mambo ya bima ya safari.

Kuisoma bima ya safari

Bima ya safari imejengwa juu ya dhana kwamba mtu ana nyumba mahali fulani, anatoka kwa muda, kisha anarudi. Bima zinazouzwa Uingereza hudhani nyumba hiyo iko Uingereza. Fungua mkataba wowote wa kawaida wa huko na uende kwenye ukurasa wa maana za maneno. Utakuta mteja ni mtu anayeishi Uingereza, mara nyingi kwa angalau miezi sita kati ya kumi na miwili iliyopita, aliyesajiliwa kwa daktari wa NHS, na ambaye safari yake inaanzia na kuishia Uingereza. Mkazi wa Faro, Ureno, anayeinunua mtandaoni kwa kuandika anwani ya dada yake aliyeko Croydon atapokewa ada yake bila tatizo. Tatizo huja siku ya kudai fidia, kampuni inapoomba rekodi za daktari wake na kukuta hana daktari Uingereza. Ndivyo ilivyo pia kwa bima za safari zinazotolewa pamoja na akaunti za benki za Uingereza: ada ya mwezi huendelea kukatwa, lakini ukishahama ulinzi umeondoka.

Kuna sababu ya kisheria pia. Baada ya mwaka 2020 kampuni za bima za Uingereza zilipoteza ruhusa ya jumla ya kuuza katika nchi za Umoja wa Ulaya, ndiyo maana soko la bima la Lloyd's la London lilikuwa limefungua mapema kampuni yake Brussels. Kwa hiyo mkazi wa Ulaya anahitaji bima iliyoandikwa kwa ajili ya wakazi wa nchi anayoishi, na kampuni inayoibeba iwe na idhini ya kufanya kazi katika nchi hiyo. Orodha ya kampuni zilizoidhinishwa huwekwa na msimamizi wa bima wa kila nchi: Hispania na DGSFP, Ufaransa na ACPR, Ureno na ASF. Kulitafuta jina humo ni kazi ya dakika chache, na usiridhike na nembo iliyobandikwa kwenye tangazo. Wakala anaweza kukuhakikishia mengi kwa mdomo, lakini usiandikie mate na wino upo: unachodai ni kile kilichoandikwa.

Katika maandishi hayo, chunguza kwanza maana ya nyumbani. Ukivunjika nyonga ukiwa Athens, ndege ya wagonjwa itakupeleka Alicante, kwa mkeo na daktari wako, au itakupeleka Manchester ambako huna kitanda wala haki ya kulazwa bure? Mikataba yote miwili ipo sokoni, na ada zao hazitofautiani sana. Kisha angalia iwapo safari ya kwenda Uingereza kutembea inahesabiwa kuwa safari, maana baadhi ya mikataba humwondolea mteja ulinzi akiwa katika nchi ya uraia wake. Angalia pia urefu wa kila safari: bima ya mwaka mzima haimaanishi safari ya mwaka mzima, na kampuni nyingi huweka kikomo cha siku 31 kwa safari moja. Wakazi wa Ufaransa wenye kadi za benki za daraja la juu wachunguze bima iliyomo kabla ya kununua nyingine. Mara nyingi hulinda safari hadi siku 90, ingawa fidia ya kuahirisha safari hutaka safari hiyo iwe imelipiwa kwa kadi hiyohiyo.

Maswali ya afya yajibiwe yote, hata yale unayoona hayana maana. Dawa ya presha unayoimeza kila asubuhi kwa miaka kumi ni ugonjwa uliopo, hata kama wewe huuhesabu tena. Kipimo ambacho majibu yake hayajatoka hutakiwa kutajwa, na kampuni nyingi hazikubali kumlinda mtu dhidi ya jambo ambalo bado linachunguzwa. Ukibadilishiwa dawa baada ya kununua bima na kabla ya kusafiri, piga simu na uombe jibu kwa barua pepe. Inaongeza ada, ni kweli, lakini anayeficha ugonjwa wa moyo analipia karatasi tupu.

Likitokea la kutokea, namba ya kwanza ndani ya Umoja wa Ulaya ni 112, na ya pili ni ya dharura ya kampuni ya bima, kabla ya kukubali kulazwa hospitali binafsi au kununua tiketi mpya ya kurudi. Kampuni ikipewa taarifa mapema hulipa hospitali moja kwa moja. Ikipewa baadaye, huanza kuuliza maswali. Onyesha kadi yako ya GHIC au EHIC pia, kwa sababu bima nyingi humwondolea mteja kile kiasi cha kwanza anachopaswa kujilipia iwapo kadi imepunguza gharama. Omba ripoti ya daktari na risiti zenye mchanganuo, na ukiibiwa nenda polisi ndani ya saa 24.

Safari ya kwenda Afrika Mashariki

Kwa wasomaji wengi wa mwongozo huu safari kubwa ya mwaka si Roma bali ni Mombasa, Moshi au Unguja, na huko GHIC, S1 na carte Vitale havina nguvu ya kufungua mlango wa hospitali. Bima ya safari ndiyo pekee iliyobaki. Hakikisha eneo la ulinzi limeandikwa dunia nzima au linataja Afrika, kwa kuwa bima za eneo la Ulaya huweza kujumuisha Moroko na Tunisia na kuishia hapo. Kisha rudi kwenye kile kikomo cha siku 31: anayekwenda kumuuguza mzazi au kushughulikia mirathi hukaa miezi miwili bila kutarajia, na siku ya 32 anakuwa hana bima. Kampuni nyingi huuza nyongeza ya siku, ila inunuliwe kabla ya kuondoka.

Zanzibar ina sharti lake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia kwa pasipoti ya kigeni hununua bima ya lazima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 kwa mtu mzima, inayodumu hadi siku 92, hata kama ana bima nyingine. Aliyezaliwa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, akachukua uraia wa Uingereza naye ni mgeni kwa macho ya sharti hili, apende asipende. Bima hiyo isikufanye uache yako, kwani yenyewe inalinda ukiwa Zanzibar tu, na safari zetu huendelea hadi Dar es Salaam, Tanga na kwingineko. Jambo la kuuliza kampuni yako ni usafirishaji wa dharura kwa ndege: wagonjwa mahututi wa ukanda huu mara nyingi hupelekwa Nairobi, ambako AMREF Flying Doctors wana kituo chao katika Uwanja wa Wilson, na ndege hairuki mpaka mlipaji ajulikane.

Ukirudi Uingereza kuishi

Raia wa Uingereza anayerejea kuishi moja kwa moja hupata tena haki ya NHS tangu anapotulia, bila miezi ya kusubiri, lakini hospitali inaweza kutaka ushahidi kwamba hakuja kutembea: mkataba wa nyumba, tiketi ya upande mmoja, barua ya kufunga akaunti au kuuza nyumba huko alikotoka. Waarifu NHSBSA ili S1 ifungwe, na ujisajili kwa daktari wa familia katika wiki ya kwanza ukiwa bado huumwi. Mwenzi asiye raia wa Uingereza yuko kwenye utaratibu mwingine kabisa: atahitaji viza ya familia, na pamoja na ada ya viza atalipa mapema ada ya afya ya wahamiaji, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza kwa mtu mzima. Fedha hizo zote hulipwa kwa mkupuo wakati wa kutuma maombi, kwa hiyo ziwe zimetengwa kabla nyumba ya Málaga haijatangazwa kuuzwa.